Korongo la Nyumbani Lina Urefu Gani?

Ukisema hapa chuoni kwamba umetoka Sumbawanga, swali la kwanza ni la uchawi. Nimeshazoea. Jina lenyewe kwa Kifipa huelezwa kuwa ni "tupa uchawi", yaani mgeni unaambiwa uuache kabla hujaingia, lakini watu wanapenda kulisoma kinyume. Leo siongelei hilo. Nataka kuungama kosa jingine, nililolifanya kwa kamba ya mita 50 nikiwa nasoma hisabati mwaka wa pili, tena nikiwa na uhakika kabisa kwamba hesabu iko upande wangu.

Kwetu ni juu kwenye uwanda wa Ufipa. Magharibi kuna Ziwa Tanganyika, mashariki kuna Ziwa Rukwa, na sisi tuko katikati, juu, kwenye baridi na upepo. Tunalima mahindi, maharage, ulezi na alizeti. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba hivi mpaka Aprili, na ikinyesha inanyesha kweli. Maji yakipata njia ya ng'ombe iliyokanyagwa hadi udongo ukashindiliwa, yanaifuata. Mwaka wa kwanza ni mfereji wa kuruka kwa hatua moja. Miaka kadhaa baadaye ni korongo la kumeza mtu na baiskeli yake.

Korongo la namna hiyo limepita pembeni mwa shamba letu. Kila masika linakula kipande. Mwaka juzi baba aliamua kupanda mabingobingo kwenye ukingo wa upande wetu ili mizizi ishike udongo. Kazi akampa kijana mmoja wa jirani. Tulisoma naye tangu darasa la kwanza mpaka la saba, mimi nikaendelea, yeye akabaki. Hapa nitamwita Jirani tu, maana amekataa jina lake liandikwe. Makubaliano yalikuwa shilingi 500 kwa kila mita, pingili moja kila nusu mita.

Nilifika likizo ya Krismasi, kazi imekwisha, malipo bado. Jirani alikuwa amepima kwa ufito wa mita 2, akiulaza chini na kufuata kila kona ya ukingo. Ufito uliingia mara 276, kwa hiyo mita 552, kwa hiyo shilingi 276,000. Baba akaleta kamba yake ya katani ya mita 50. Mimi nikashika ncha moja, yeye nyingine. Tukaivuta kutoka kona hadi kona, ikaingia mara 8. Mita 400. Shilingi 200,000.

"Mzee, mimi nimefuata ukingo wote," Jirani akasema.

"Kijana wangu, kamba haidanganyi. Huyu hapa mwenzako anasoma hesabu chuo kikuu. Muulize."

Wote wawili wakanigeukia. Ningeweza kusema tuhesabu pingili. Ningeweza kusema sijui. Nilichosema ni hiki: "Korongo ni moja, haliwezi kuwa na urefu wa aina mbili. Utakuwa umerudiarudia kuhesabu."

Akaniangalia kidogo. "Sawa, msomi." Akachukua laki mbili, akaondoka. Siku nilipopanda basi kurudi chuo hakuja kuniaga, na haijawahi kutokea kabla ya hapo.

Semesta ya pili, kwenye lekcha moja ya mchana ambayo nusu ya darasa walikuwa wamesinzia, mwalimu alitaja takwimu mbili: kilomita 987 na kilomita 1,214. Akasema zote ni urefu wa mpaka wa Hispania na Ureno. Ya kwanza ni ya Wahispania, ya pili ni ya Wareno. Aliyezikuta ni Mwingereza Lewis Fry Richardson, aliyekuwa anachunguza kama urefu wa mipaka unahusiana na nchi kupigana vita. Nchi mbili, mpaka mmoja, tofauti ya kilomita 227, na hakuna aliyemwibia mwenzake ardhi. Richardson aliona kwamba ukipima mpaka wenye kona kwa kipimo kifupi zaidi, unapata urefu mkubwa zaidi, kwa sababu kipimo kifupi kinaingia kwenye kona ambazo kirefu kinaziruka.

Mimi sikusinzia tena. Nilikuwa nimeshika ncha ya kamba kwenye ukingo wa korongo.

Mwaka 1967 Benoît Mandelbrot aliichukua hoja hiyo na kuandika makala katika jarida la Science, akiuliza pwani ya Uingereza ina urefu gani. Jibu lake, kwa kifupi: inategemea umepimia nini. Mwaka 1975 maumbo ya namna hii akayaita fraktali, kutoka neno la Kilatini lenye maana ya kitu kilichovunjikavunjika. Ukikata kipande kidogo cha fraktali na kukikuza, unakuta kona zinazofanana na zile za umbo zima. Ndani ya kona kuna kona.

Usiku ule nilikaa kwenye kimbweta na kalamu. Fikiria mstari ulionyooka. Ukifupisha kipimo mara 5, kitaingia mara 5 zaidi. Hakuna ubishi. Korongo letu je? Kamba ya mita 50 iliingia mara 8. Kama Jirani hakudanganya, kipimo cha mita 10, ambacho ni kifupi mara 5, kingeingia mara 47 hivi, na cha mita 2 mara 276. Yaani kila unapofupisha mara 5, idadi inapanda karibu mara 5.9. Chukua logi ya 5.9, gawanya kwa logi ya 5, unapata 1.1. Hiyo ndiyo dimensheni ya fraktali. Mstari ulionyooka ni 1, karatasi bapa ni 2, na vitu vilivyopindapinda vinakaa katikati. Katika makala ile ya Mandelbrot, pwani ya Afrika Kusini, ambayo imenyookanyooka, ina 1.02. Pwani ya magharibi ya Uingereza, yenye kona kila mahali, ina 1.25. Korongo letu la Ufipa, 1.1.

Lakini ile namba ya mita 10 nilikuwa nimeikisia tu. Likizo ndefu ilipofika nikarudi nyumbani na futikamba. Ilikuwa Julai, upepo unakata masikio, korongo limekauka. Nikapima peke yangu asubuhi nzima, mita 10 kwa mita 10, nikibana ncha kwa jiwe. Mara 47. Halafu nikafanya kile ambacho ningefanya Desemba: nikahesabu pingili, zilizoshika na zilizokufa. Nilipata 1,098. Kila nusu mita, hiyo ni mita 549. Jirani alikuwa anadai 552.

Sasa kuna mtu atauliza: kwa hiyo vipimo vyote ni uongo? Hapana. Ukubwa wa shamba hauna tabia hii. Ekari yetu ya hatua 70 kwa 70 inabaki ekari, kona za ukingo zinaongeza hapa na kupunguza pale, na ukipima kwa uangalifu zaidi unakaribia jibu moja. Urefu wa kitu kilichopindapinda ndio haukaribii jibu moja, unaongezeka tu. Na hata huo hauongezeki milele shambani, maana ukifika kwenye punje ya udongo unakuwa hupimi tena korongo. Kwa hiyo unachagua kipimo kulingana na kazi. Anayetaka kujua atatembea umbali gani kandokando ya korongo, kamba ya baba inamtosha. Anayepanda pingili kila nusu mita, kipimo chake hakiwezi kuwa kamba ya mita 50. Kamba haikudanganya. Tuliiuliza swali lisilo lake.

Na hili si jambo la makorongo tu. Huko Boston mwishoni mwa miaka ya 1980, Nathan Cohen alikuwa amepanga kwenye nyumba ambayo mwenye nyumba amekataza antena za nje. Waliopanga mageto mnawajua wenye nyumba. Akakunja waya kwa umbo la fraktali, waya mrefu ukaingia kwenye nafasi ndogo, na antena ikafanya kazi. Mapafu yako nayo yamegawanyika tawi juu ya tawi namna hiyo, ndiyo maana ndani ya kifua kuna eneo la kupokea hewa la kama mita za mraba 70. Na kabla hujasema haya ni mambo ya Wazungu, kusini mwa Zambia, jirani zetu, Waila walijenga vijiji vya duara lililoundwa na maduara ya familia, na kila duara la familia likiwa na nyumba zilizopangwa kwa duara. Ron Eglash alivieleza mwaka 1999 katika kitabu chake kuhusu fraktali za Afrika.

Nilienda kwa Jirani jioni ileile. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Niliomba msamaha vibaya, nikaanza na Richardson na Wareno, akanikata.

"Unasema nilikuwa sahihi au unasema nini?"

"Ulikuwa sahihi."

"Basi sema hivyo."

Nikasema. Halafu akanipeleka korongoni na kunionyesha kitu ambacho mimi na futikamba yangu hatukukiona. Korongo kubwa lina vidole, na kila kidole kina vidole vyake, kama mti uliolala chini. Baba alikuwa amemwaga mawe kwenye shina, mahali palipo pana, na masika yote yamesombwa. Jirani alisema: "Huku chini maji yameshakuwa mengi, huyawezi. Nilimwambia mzee tuanzie kule kwenye vidole vidogo, maji yakiwa bado ya ndoo ndoo." Ni kweli. Korongo hukua kwa kuongeza vidole huko juu, na kila kidole kinaleta maji yake kwenye shina. Mawe machache na magunia ya udongo kwenye ncha zile yanafanya kazi ambayo tripu nzima ya mawe haiwezi kufanya chini. Yeye hakuwahi kusikia neno fraktali, lakini umbo alikuwa ameliona. Mimi nililisikia neno kwanza, na bila ile lekcha nisingeliona umbo mpaka leo.

Baba alichukua muda. Nilimpangia vijiti kwenye vumbi, virefu na vifupi, kwenye mchoro wa ukingo. Mwisho akasema, "Kwa hiyo nilimdhulumu kwa kamba halali." Alitoa shilingi 40,000 baada ya kuuza maharage. Ile 36,000 iliyobaki nililipa mimi bumu lilipotoka, kwa sababu aliyeulizwa siku ile nilikuwa mimi. Novemba walianza upya, juu kwenye vidole, na safari hii malipo ni kwa pingili.

Wenzangu mnaokwenda fildi mwaka huu, wa uhandisi, wa ardhi, wa kilimo: mtapewa futikamba na GPS, na mtu wa kijijini atasimama mbele yenu na namba tofauti na yenu. Kabla hujamwambia amekosea kuhesabu, muulize amepimia nini.

Siku naondoka Jirani alikuja stendi. Akaniuliza lile korongo dimensheni yake ni ngapi. Nikamwambia moja nukta moja.

"Miaka yote hiyo chuoni," akasema, "umeongeza nukta moja tu?"