Mahindi ya Mama Hayakulia

Mama alinipigia simu saa nne usiku, muda ambao kwa kawaida ameshalala. Nikampa shikamoo, akaitikia, kisha hakuuliza kazi wala watoto. Alisema, "Mwanangu, kumbe yale mahindi yalikuwa yanalia?"

Ilinichukua muda kuelewa. Siku mbili kabla, makala yangu fupi ilikuwa imesomwa kwenye redio, na kichwa chake nilikitunga mwenyewe: Mimea Huhisi Maumivu, Yasema Sayansi. Mahindi aliyokuwa anayazungumzia mama ni yale ya msimu uliopita, ekari tatu kule Kongwa, yaliyokauka wakati ndiyo kwanza yanatoa mbelewele. Mvua ilikata pabaya. Wakati huo hindi halivumilii kiu: chavua inatoka, nywele za kulipokea zinachelewa, na gunzi linabaki na punje za kuhesabu. Kila siku mama alipita katikati ya mistari akiangalia majani yanavyojikunja kufikia adhuhuri. Hakuwa na la kufanya. Ekari tatu humwagilii kwa ndoo.

Alikuwa ameshaanza kuizoea hasara ile. Mimi nikairudisha, tena nikaiongezea sauti ya kilio.

"Hapana mama," nikamwambia, "ni namna ya kusema tu."

"Namna ya kusema ndiyo nini? Yanahisi au hayahisi?"

Mtu anayelipwa kwa kuuliza maswali, nikakosa jibu.

Niliyoyaandika yalitokana na video moja. Ilitoka mwaka 2018, pamoja na utafiti wa Masatsugu Toyota na Simon Gilroy, kazi iliyounganisha maabara za Japani na Marekani. Mmea wenyewe ni Arabidopsis, kigugu cha jamii ya haradali ambacho wanasayansi wanakipenda kwa sababu ni kidogo na kinakua haraka. Wameupa jeni ya kutengeneza protini inayong'aa pale kalsiamu inapoongezeka ndani ya seli. Kiwavi anatafuna jani. Mwanga unawaka penye jeraha, unashuka kwenye kikonyo, unasafiri kwa kasi ya kama milimita moja kwa sekunde, na baada ya dakika moja au mbili majani ya mbali, ambayo hakuna aliyeyagusa, nayo yanawaka. Kisha yanaanza kutengeneza homoni ya kujikinga, kiwavi hajafika.

Niliitazama mara sita. Halafu nikaandika "maumivu" bila kusita, maana ndivyo ilivyoonekana, na maana neno "kalsiamu", tuseme ukweli, haliuzi.

Baada ya simu ile nilirudi kuisoma upya, safari hii kwa aibu. Kalsiamu yenyewe ni hii hii ya maziwa na mifupa. Ila ndani ya ute wa seli inawekwa kidogo mno, mara elfu kumi pungufu ya ile iliyo nje ya seli. Seli inatumia nguvu usiku na mchana kuitoa, kama baharia anayekumba maji chomboni. Kwa hiyo mlango mdogo ukifunguka kidogo tu, iwe kwa baridi, chumvi, ukame au jino la kiwavi, kalsiamu inaingia kwa wingi, na kule kuingia ndiko habari yenyewe. Kuna protini inaitwa kalmodulini, ina nafasi nne za kuishika. Ikiishika inabadili umbo, na kwa umbo hilo jipya inaweza kushikana na protini nyingine ambazo jana haikuwa na shughuli nazo. Baadhi ya hizo kazi yao iko kwenye kiini cha seli, kwenye DNA, na hapo jeni zilizokuwa kimya zinaanza kusomwa. Mimi na wewe tunayo kalmodulini pia, na inafanana sana na ya mmea.

Nilichojifunza zaidi, lakini, ni kisa cha zamani kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Janet Braam na Ronald Davis, pale Stanford, walikuwa wanaipulizia Arabidopsis homoni ili waone jeni zipi zitaamka. Zikaamka, tena kwa kishindo. Mtu mwenye haraka kama mimi angekimbilia kuandika: homoni imeamsha jeni. Bahati nzuri walikuwa na mimea mingine ya kulinganishia, iliyopuliziwa maji matupu. Nayo jeni zake zikaamka vilevile. Kumbe halikuwa suala la homoni. Ilikuwa ni kule kuguswa tu. Ukiipapasa mimea, ndani ya nusu saa jeni hizo zinasomwa hadi mara mia zaidi, na mojawapo ni ile ya kalmodulini. Ile iliyoguswa kila siku ilikua mifupi. Matokeo yakachapishwa mwaka 1990.

Mimea ya maji matupu ndiyo iliyowaokoa na kichwa cha habari cha uongo. Mimi sikuwa nayo. Sikujiuliza hata swali moja la kulinganisha: kuna ishara inayosafiri mwilini bila mtu kuumia? Ipo, na kila aliyewahi kupika anaijua. Ukigusa sufuria ya moto, mkono unaruka kwanza, maumivu yanafika baadaye. Ishara imeshafanya kazi yake wewe hujasikia kitu. Na mmea hauna ubongo wa kupokea hayo yanayokuja baadaye.

Mwezi uliofuata nilikwenda Kongwa. Tukakaa nje, mama anapeta choroko, nikamkumbusha kifauwongo tuliochezea Morogoro nilipokuwa mdogo. Unaugusa, unafumba majani, ukiondoka unafumbua. Mwaka 2022 watafiti huko Japani walionyesha kwamba hata kufumba kule kunatanguliwa na wimbi la kalsiamu. Nikamwambia, unaona mama, hata wazee waliotoa jina hilo waliusingizia mmea. Hauongopi wala haujifanyi umekufa.

"Wazee walikuwa wanatania," akasema. "Wewe ulisema sayansi."

Hapo nikanyamaza. Kweli, tofauti ilikuwa hiyo. Utani unajulikana kuwa utani, hakuna aliyewahi kukosa usingizi kwa sababu ya jina la kifauwongo. Mimi nilichukua tashbiha nikaivika koti jeupe la maabara.

Basi nikamweleza kilichotokea shambani kwake, polepole, bila chumvi. Jani la hindi limejaa vitundu vya kupitishia hewa, na kila kitundu kina seli mbili za kukilinda. Udongo ukikauka, mmea unatoa homoni ya ukame. Kalsiamu inapanda ndani ya seli hizo mbili, chumvichumvi inatoka, maji yanaifuata, seli zinalegea na kitundu kinafunga. Maji yanabaki ndani. Ila hewa ya kutengenezea chakula nayo haiingii, kwa hiyo mmea unachagua njaa kuliko kiu. Wakati huohuo, ndani ya kiini, jeni zinaamshwa kutengeneza protini za kulinda seli zisiharibike zikikauka. Na lile jani kujikunja, lililomtesa mama kila adhuhuri, lilikuwa linapunguza eneo la kupigwa na jua.

Aliacha kupeta. "Kwa hiyo hayakuwa yanalia."

"Hayakulia, mama."

"Yalikuwa yanajitahidi."

Nikafungua mdomo nimsahihishe. Kujitahidi nako ni kwa mwenye nia, mmea hauna nia. Hata mimi nilikuwa nimetoka kusema kwamba "unachagua". Mama akaniona.

"Hiyo nayo ni namna ya kusema?"

"Ndiyo."

"Basi hiyo niachie."

Nikamwachia. Ile ya redio niliwaandikia marekebisho, mistari minane. Hawakuyasoma hewani.