Mjumbe na Jibu Lisilo Lake

Wahenga waliposema mjumbe hauawi, walitoa haki na wajibu kwa pumzi moja. Haki tunaikumbuka sote: aliyetumwa asipigwe kwa maneno ya aliyemtuma. Wajibu ndio tunaousahau. Mjumbe hauawi kwa sababu ujumbe si wake. Siku atakapoanza kutunga majibu yeye mwenyewe, kinga hiyo humtoka, na anayemwendea naye hupoteza kitu kikubwa zaidi, yaani kujua ni nani hasa aliyemjibu.

Hapa Kibosho tulilijua jambo hili kwa njia ya kahawa. Katika utaratibu tuliokulia, mkulima aliimenya kahawa yake nyumbani, akaiosha, akaianika, kisha akaipeleka kwenye chama cha msingi ikiwa bado na ganda lake jembamba. Pale alimkuta karani na mizani. Karani alikuwa na mamlaka yake, tena si madogo. Aliweza kuipokea kahawa na kuipima. Aliweza kuikataa iliyo mbichi, akamwambia mwenyewe airudishe juani. Aliweza kuitenga iliyo duni na ile iliyo safi. Mwisho aliandika stakabadhi. Lakini bei haikuwa yake. Kahawa ilishuka Moshi mjini, ikakobolewa, ikapangwa kwa madaraja, ikauzwa mnadani. Ndipo bei ya kweli ilipojulikana. Kwa sababu hiyo mkulima alipewa malipo ya awali kwanza, na yaliyobaki akayangoja hadi mauzo yakamilike.

Karani aliyejua mipaka hiyo aliheshimiwa. Ulipomuuliza, “Mwaka huu malipo ya mwisho yatakuwa kiasi gani?” alikujibu kwamba hilo litatoka Moshi. Aliyeanza kukisia na kuahidi aliwaponza watu, maana mtu alikwenda akakopa ada ya mtoto kwa kutegemea neno ambalo halikuwa na mwenyewe.

Historia yetu yaonyesha jinsi mpaka huo unavyoweza kufifia machoni pa watu. Wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao cha kwanza cha kahawa mwaka 1925, na mwaka 1933 mahali pake pakachukuliwa na KNCU, muungano wa vyama vya msingi. Baadaye ikawa sharti kuuza kahawa kupitia mfumo huo. Bei ya dunia ilipokuwa mbaya, mwaka 1937 zikazuka ghasia mlimani. Bei ilikuwa imeamuliwa katika masoko ya mbali, lakini mkulima hakuyaona masoko hayo. Alichokiona ni chama na mizani yake, na hasira yake ikaishia hapo. Mjumbe alipigwa kwa sababu watu hawakuweza tena kumtofautisha na aliyemtuma.

Nimeyakumbuka haya yote kutokana na kazi ya mjukuu wangu, ambaye hutengeneza tovuti kwa kompyuta. Alinieleza kwamba mtu anapofungua ukurasa, ombi lake husafiri hadi kwenye kompyuta inayoitunza tovuti ile. Kabla ombi halijafika kwenye ukurasa wenyewe, hupitia programu ndogo iliyowekwa njiani. Vijana huiita midoweya. Mimi nitaiita programu ya kati. Hutazama kama mwombaji amejitambulisha, anatumia lugha gani, ametoka nchi gani. Nikamwambia, “Basi huyo ni karani wa mizani.” Akacheka, akakubali.

Kuna kiunzi cha kutengenezea tovuti kiitwacho Next.js, kinachotolewa na kampuni ya Vercel. Programu ya kati iliingizwa humo kwa majaribio Oktoba mwaka 2021, na wakati huo iliruhusiwa kumjibu mwombaji yenyewe, ikamwandikia ukurasa mzima ikitaka. Juni 2022, ilipotangazwa kuwa imekamilika, wenye kiunzi waliifunga mdomo. Tangu hapo iliweza kulipitisha ombi, kulielekeza kwingine, au kulibandika alama. Kutoa maudhui ya jibu, hapana. Sababu mojawapo waliyoitoa ni kuwazuia watengenezaji wasijenge programu za kati zisizo salama. Kumbe hata mashine zimebidi kufundishwa methali ya mjumbe.

Msomaji asidhani haya ni mambo ya kompyuta tu. Namfahamu mjane wa mwalimu mwenzangu aliyekwenda katika ofisi moja kufuatilia mafao ya marehemu. Mapokezini alikuta kijana mwenye daftari. Kijana hakuingia ndani, wala hakufungua jalada lolote. Alimtazama mama, akatazama karatasi zake, akasema, “Wewe hustahili.” Mama alirudi nyumbani. Kwa miaka miwili aliamini kwamba serikali imemkatalia, kumbe serikali haijapata hata kumsikia. Ombi lake lilifia mlangoni, na jibu alilopewa lilikuwa na sura ya jibu halali. Hapo ndipo penye madhara makubwa. Angeambiwa “Afisa hayupo”, angerudi kesho. Aliyepewa jibu kamili harudi tena.

Nilipokuwa mkuu wa shule, katibu wangu alikuwa na majibu matatu tu kwa mzazi aliyefika: ingia, subiri, au nenda kwa mwalimu fulani. Mzazi aliyekuja kulia shida ya ada hakuambiwa mlangoni kwamba haiwezekani. Kama haikuwezekana, alistahili kuambiwa na mimi, ili akitaka kubishana ajue anabishana na nani. Katibu naye alilala usingizi, kwa kuwa hakuna aliyemlaumu sokoni kwa uamuzi usio wake.

Hata hivyo, haki yataka tuseme na upande wa pili. Amri ile ya Juni 2022 haikudumu. Desemba mwaka huo huo, katika toleo la 13.1, Next.js iliruhusu tena programu ya kati kutoa jibu. Ilionekana kwamba kumfunga mdomo kabisa nako kuna hasara. Mlinzi anapomzuia mtu asiye na kibali, ni vema aweze kusema papo hapo, “Huna kibali,” kuliko kumzungusha hadi chumba kingine akaelezwe hilo. Karani wetu wa mizani naye aliruhusiwa kusema, “Kahawa yako ni mbichi.” Hilo ni jibu, lakini ni jibu juu ya kile alichokiona mwenyewe kwa macho na kukigusa kwa mikono. Hakuwa akisemea mnada.

Naona hapo ndipo mpaka unapopaswa kuwekwa. Mtu wa kati na aseme juu ya yale aliyokabidhiwa kuyakagua: karatasi imepungua, sahihi haipo, saa za kazi zimekwisha. Akivuka hapo, akaanza kusema unastahili au hustahili, amekalia kiti kisicho chake.

Na kuna funzo moja zaidi. Machi 2025 ilitangazwa kwamba programu ya kati ya Next.js ilikuwa na tundu. Kiunzi kilitumia alama yake ya ndani kuonyesha kwamba ombi limekwisha kupita ukaguzi, ili lisikaguliwe mara mbili. Ikagundulika kwamba mtu wa nje aliweza kuibandika alama hiyo kwenye ombi lake, akapita kama aliyekwisha kukaguliwa. Tundu lilizibwa kwa matoleo mapya. Lakini tovuti zilizomwachia mlinzi wa mlangoni kazi yote, bila ukurasa wenyewe kuuliza tena, ndizo zilizokuwa hatarini. Sisi tuliotumikia ofisi kwa miaka mingi hatukushangaa. Mhuri wa “imekaguliwa” ukiwa ndio pekee unaotazamwa, haupiti muda mrefu kabla mtu hajauchonga wa kwake.

Kwa hiyo mambo ni mawili, na yanakwenda pamoja. Mtu wa kati asitoe jibu la mwenye shauri. Na mwenye shauri asimtupie mtu wa kati wajibu wake, akajificha ndani. Wakubwa wengi hupenda karani anayejibu kila kitu, kwa sababu huwapunguzia foleni. Lakini foleni inayopungua kwa njia hiyo haijahudumiwa, imefukuzwa tu.

Yule mama hatimaye alisindikizwa na mwanawe, wakapita mapokezi, wakamfikia afisa mwenyewe. Jalada lilifunguliwa, na shauri lake likaanza kushughulikiwa siku ile ile. Kijana wa daftari alikuwa bado amekaa pale pale, na mbele yake kulikuwa na watu wengine wameshika karatasi zao.