Motokaa ya Marehemu Baba Wakati wa Masika

Wengi wenu mna nyumbani kitu cha kale mlichoachiwa na wazee: cherehani, baiskeli, saa ya ukutani, au jembe la kukokotwa na ng'ombe. Nami ninacho, ila changu kina magurudumu manne. Ni motokaa ya Land Rover, Series III, ya petroli, aliyoiacha marehemu baba yangu hapa kwetu Turwa, katika Tarime. Leo nataka kuwasimulia jinsi nilivyoitunza vibaya masika ya kwanza, na jinsi nilivyofundishwa kuitunza vema masika ya pili. Kosa langu sitalificha, maana mwalimu afichaye kosa lake huwafundisha watoto nusu ya somo.

Kwanza niwaeleze habari za motokaa yenyewe. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu katika mji wa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, na huko Uingereza chuma kilikuwa haba, kikitolewa kwa kipimo. Kwa hiyo waundaji wakatumia alumini kwa sehemu kubwa ya mwili wake, na chuma wakakiweka zaidi katika fremu ya chini, ndiyo tuiitayo chesisi. Series III ilitengenezwa tangu mwaka 1971 hata 1985. Watu hudhani ya kuwa, kwa sababu alumini haishiki kutu nyekundu, motokaa nzima haiozi. Sivyo. Chesisi yake ni kama bomba la pembe nne lenye uwazi ndani. Tope na maji huingia humo yakakaa, na chuma huanza kuoza kwa ndani wakati rangi ya nje ingali nzuri. Tena mahali alumini inapogusana na chuma, maji yakiwapo, alumini huliwa kidogo kidogo ikawa unga mweupe.

Baba aliinunua ikiwa kuukuu, akaitumia miaka mingi kuchukua magunia ya mahindi na kahawa, na usiku wa hatari kuwachukua wagonjwa. Alifariki mwaka 2019. Baada ya matanga tukaketi ndugu wote kushauriana juu ya vitu vyake. Mdogo wangu akasema, "Kaka, wanunuzi wa chuma chakavu hupita hapa kila juma. Tuiuze motokaa hii, tupate fedha za kuezeka nyumba ya mama. Bati zake zimetoboka."

Maneno yake yalikuwa ya haki, lakini sikutaka kuyasikia. Nikamjibu, "Gari la baba halitapimwa kwa kilo." Mimi ndiye mkubwa, tena ndimi niliyesoma, basi neno langu likasimama. Mama alikuwa ameketi kando akichambua maharage. Hakusema neno.

Kwetu mvua za masika huanza mwezi wa Machi, zikaendelea hata Mei. Kwa kuwa nchi yetu iko juu, baridi ni nyingi na unyevu haukauki upesi. Njia ya kwetu huwa utelezi mtupu, nami shuleni huenda kwa miguu. Basi Machi ya mwaka 2020 nikaona heri motokaa ipumzike mpaka kiangazi. Nikaiosha juu tu, ipendeze machoni. Chini ya tumbo lake sikuchungulia. Nikaisimamisha juu ya majani, nikavuta breki ya mkono kwa nguvu zangu zote, nikaifunika kwa turubai la plastiki, na turubai lile nikalifunga kwa kamba mpaka chini, hata upepo usipate pa kupita. Nikasema moyoni, "Sasa baba angefurahi." Nikaenda zangu, nisiifungue hata mara moja kwa miezi mitatu.

Hata mwezi wa Juni nikaita watoto wa jirani waje kuona motokaa ikiamka. Tulipolivua turubai, harufu ya ukungu ikatupiga usoni. Kumbe unyevu wa ardhi ulikuwa ukipanda kila siku, ukigota juu kwenye plastiki, na kudondoka tena kama jasho. Viti vilikuwa vimeota ukungu. Panya walikuwa wamejenga ndani ya chujio la hewa, nao walikuwa wametafuna waya. Betri ilikuwa imekufa. Breki ya mkono, ambayo katika Land Rover haiko kwenye magurudumu bali nyuma ya giaboksi, ilikuwa imeshikamana na ngoma yake, haiachii. Nikachukua hendeli, nikaitia mbele, nikasukuma. Injini haikusogea hata unywele. Watoto wakatazamana, kisha wakaondoka mmoja mmoja, pasipo kunicheka. Ingekuwa nafuu kama wangecheka.

Nikaenda kwa fundi mmoja mzee, akaja kwa miguu na kifuko chake. Hakufungua boneti kwanza. Alilala chali chini ya motokaa na nyundo ndogo, akaigonga chesisi toka mbele hata nyuma, akisikiliza kama mganga asikilizavyo kifua. Akasema, "Mura," ndivyo wazee wetu Wakurya wamwitavyo kijana, "chuma kizima hulia, chuma kilichooza hunyamaza. Njoo usikie." Nikalala kando yake. Kweli, mahali pengi nyundo ililia *ting*, lakini karibu na gurudumu la nyuma ilinyamaza. Akanipa kipande cha waya, akanionyesha vitundu vidogo vilivyoachwa na waundaji ili maji yatoke ndani ya chesisi. Vyote vilikuwa vimezibwa na tope. Nikavichokoa, na tope kavu likamwagika kifuani pangu, jekundu la milima yetu na jeusi la mbuga za chini. Ni njia alizopita baba. Nikalala pale kitambo, fundi akaniacha, hakuniharakisha.

Kwa habari ya injini alinikataza kutumia nguvu. Tukatoa plagi zote nne, tukatia oili nyepesi kidogo katika kila silinda, tukaiacha siku nne iingie penye kutu. Siku ya tano tukaijaribu kwa hendeli, mbele kidogo, nyuma kidogo, mpaka ikaachia. Petroli ya zamani tukaimwaga, maana petroli ikikaa miezi mingi huharibika na kuacha utomvu unaoziba kabureta. Waya tukafunga upya. Penye chesisi iliyonyamaza, fundi wa kuchomelea akakata chuma kibovu, akatia kipya.

Alipomaliza, fundi akanishauri nijenge banda. Nikanunua mabati kumi na mawili mapya kwa akiba yangu, nikayaegemeza ukutani pa nyumba ya mama. Usiku ule, ulikuwa wakati wa vuli, nililala kwa mama, mvua ikanyesha. Nikasikia matone yakilia ndani ya nyumba. Mama aliondoka kitandani gizani, akapanga masufuria, moja hapa, moja pale, pasipo kuwasha taa. Maana alijua mahali pa kila tone. Nikahesabu masufuria manne. Na nje, hatua tano tu kutoka kitanda chake, mvua hiyo hiyo ilikuwa ikipiga mabati kumi na mawili ya motokaa.

Asubuhi mama akanipa uji, akasema, "Mwanangu, baba yako alilipenda sana gari lile. Lakini aliponunua bati, hakuanza na gari."

Sikuwa na jibu. Nikampigia simu mdogo wangu, nikamwambia, "Njoo na nyundo. Ulisema kweli, nami sikukusikia." Akaja siku ile ile. Tukaezua nyumba ya mama, tukaezeka kwa mabati mapya. Yale ya zamani, yaliyotoboka, tukayaziba matundu kwa lami, tukajenga nayo banda la motokaa, lenye nguzo na paa, pasipo kuta. Nilimwonea fundi haya kwa ufukara wa banda lile, lakini alipolitazama alifurahi. Akasema, "Hili ndilo. Mvua haiingii, na upepo unapita. Motokaa huuawa na unyevu uliofungiwa kuliko mvua inyeshayo na kukauka."

Sasa niwaeleze jinsi tulivyoiweka masika ya mwaka 2021, kwa utaratibu, maana yafaa hata kwa pikipiki, na mashine ya kusaga.

Kwanza, tuliosha chini kabla ya kuosha juu, tukachokoa vitundu vya chesisi, tukaiacha jua kali siku mbili. Pili, tulibadili oili ya injini kabla ya kuiweka, si baada ya kuitoa; kwa maana oili iliyotumika ina uchafu na asidi, ambayo ikikaa hula vyuma vya ndani. Tatu, tulijaza tangi la petroli mpaka juu, ili pasiwe na nafasi ya hewa yenye unyevu. Hii ni kwa miezi mitatu. Ikiwa ni mwaka, afadhali kuimwaga yote. Nne, tulitoa betri, tukaiweka pakavu, tukaichaji kila mwezi. Tano, tuliipandisha motokaa juu ya magogo manene yaliyokingamizwa chini ya ekseli, ili tairi zisilemewe upande mmoja. Angalieni sana: mtu asiingie chini ya motokaa iliyosimama juu ya jeki peke yake, kwani jeki huteleza, nayo huua. Sita, breki ya mkono tuliiachia. Saba, tulipaka grisi na oili penye chuma kitupu, tukaziba mdomo wa ekzosi na wa chujio la hewa kwa vitambaa, panya na nyigu wasiingie. Na ili tusisahau vitambaa hivyo, tukafunga kitambaa chekundu kwenye usukani.

Baada ya hayo, kila Jumamosi ya pili nilikwenda kuitazama. Nilifungua milango ipate hewa, nikaizungusha injini kwa hendeli mara chache, swichi ikiwa imezimwa na gia ikiwa huru. Kidole gumba hukaa upande mmoja na vidole vingine, kisizunguke hendeli, maana injini ikirudi nyuma ghafula huvunja kidole. Sikuiwasha. Wengi huwasha motokaa iliyowekwa, dakika tano, wakaizima, wakidhani wameisaidia. Injini isiyopata moto wa kutosha huzaa maji ndani ya ekzosi na ndani ya oili, na maji hayo hubaki humo. Aidha iendeshwe mpaka ipate moto barabara, au iachwe.

Nimesoma ya kuwa wenzetu wa Ulaya nao huziweka motokaa zao za kale, lakini wakati wa baridi kali. Huko humwaga chumvi barabarani ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hula chuma kuliko tope letu. Tena maji ya injini yakiganda hutanuka, yakapasua hata chuma kinene. Kwa hiyo hutia dawa ndani ya rejeta. Hapa Tarime baridi yetu haifiki kugandisha maji ya rejeta, na kwa sababu hiyo wengi hutia maji ya mto matupu. Lakini dawa ile huzuia kutu pia, nasi twaihitaji kwa ajili hiyo.

Mwezi wa Juni 2021 tukaitelemsha, tukatoa vitambaa, tukarudisha betri. Sikuita mtu aje kuona. Tulikuwa watatu tu, mimi, mdogo wangu, na mama mlangoni. Ilikohoa mara mbili, ya tatu ikanguruma. Safari yake ya kwanza ilikuwa kumpeleka mama sokoni.

Mwezi wa Oktoba mwaka 2024 palikuwa na Tamasha la Land Rover mjini Arusha, motokaa hizo zikapita kwa msafara mrefu, za kale na za sasa. Mdogo wangu akaniletea picha katika simu yake, akacheka, akasema, "Kaka, kumbe tungeuza dhahabu kwa bei ya chuma." Nikamjibu ya kuwa yeye hakukosea. Siku ile aliposema tuiuze alikuwa akitazama dari ya mama, nami nilikuwa nikitazama ukutani, picha ya baba.

Basi, ndugu zangu, ukiachiwa kitu na wazee wako, usikifunike ukaenda zako ukadhani umekitunza. Kifunue, kipate upepo, ukichungulie chini kunakooza kimya kimya. Na kabla ya kukijengea banda, sikiliza kwanza kama hakuna tone lidondokalo ndani ya nyumba.

Masika hii zamu ya hendeli ni ya mdogo wangu.