Njia nane, na mama mkubwa anataka kuvuka

Leo naomba nianze kwa kukiri kosa. Ni kosa la kazini, ila limenifuata mpaka nyumbani.

Mnaokaa Kimara, Mbezi na Kibamba hamhitaji kusimuliwa Barabara ya Morogoro ilivyokuwa. Njia moja ya kwenda, moja ya kurudi, basi. Hapo hapo tulibanana wote: daladala, mabasi ya mikoani, malori ya Zambia na Kongo, bodaboda, na yule jamaa wa mkokoteni mwenye haraka kuliko wote. Nikiwa mwaka wa kwanza chuoni nilikuwa nakaa kwa mama mkubwa, na ili niwahi kipindi cha saa moja asubuhi ilibidi niamke saa kumi alfajiri. Mwendokasi ilipoanza mwaka 2016 iliishia Kimara, kwa hiyo sisi wa mbele tuliendelea kuingilia madirishani kwenye daladala.

Tena foleni haikuwa kero tu, ilikuwa inaua. Dereva amekaa nyuma ya lori nusu saa, uvumilivu unamwishia, anatoka kulipita, anakutana uso kwa uso na basi. Barabara ya njia mbili haina pa kukwepea. Kwa hiyo msinisome vibaya huko mbele: barabara ile ilikuwa lazima ipanuliwe.

Mwaka 2017 zikaja alama za X. Hifadhi ya barabara kuanzia Kimara ilihesabiwa mita 121.5 kila upande, na nyumba ya mama mkubwa iliingia vyumba viwili vya mbele na genge lake. Vya nyuma vikapona. Nakumbuka alivyokaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akitazama, hakulia. Alisema tu, "Kama watu hawatakufa tena hapo, sawa."

Mwaka 2018 ujenzi ukaanza: kilomita 19.2 kutoka Kimara hadi Kibaha, njia mbili zigeuke nane, shilingi bilioni 140 za serikali yetu wenyewe. Februari 2021 Rais Magufuli akafungua barabara za juu za Ubungo na kituo kipya cha mabasi pale Mbezi, wiki chache kabla hajafariki. Sisi tuliokulia kwenye foleni tulijiona tumehamia nchi nyingine.

Sasa kosa langu. Nilipoanza kazi gazetini, moja ya habari zangu za kwanza ilikuwa ya barabara hiyo. Niliiandika kwa mapenzi yote. Njia ngapi, kilomita ngapi, bilioni ngapi, dakika ngapi zimeokolewa. Nilihoji madereva watatu na mwenye lori mmoja. Mhariri akanipongeza, na mimi nikanunua nakala mbili, moja nikampelekea mama mkubwa. Akaikunja vizuri akaiweka kabatini.

Jumapili moja hivi karibuni nilikwenda kumsalimia. Akaniomba nimsindikize ng'ambo kwa mgonjwa. Zamani hiyo ilikuwa safari ya dakika tano, anaangalia kulia na kushoto, anavuka na kanga yake begani. Siku hiyo tulisimama pembezoni karibu robo saa. Kivuko cha juu kiko mbali na kituo chetu, na magoti yake hayapendi ngazi. Gari zinapita kama zinafukuzwa. Tulipopata mwanya nikamshika mkono tukatoka, tukafika katikati, na hapo bodaboda ikatokea upande ambao haikutakiwa kutokea. Ilitupita kama hatua mbili hivi. Mkono wake ulikuwa unatetemeka ndani ya wangu, au wangu ndani ya wake, sijui.

Tulipofika ng'ambo akavuta pumzi, akaniuliza taratibu kabisa: "Mwanangu, kwenye lile gazeti lako uliandika tutavukia wapi?"

Jamani... sikuwa na jibu.

Usiku ule nikachukua kalamu. Chukulia kila njia ina upana wa mita 3.5. Njia mbili za zamani ni mita 7. Mama mkubwa anatembea kama mita moja kwa sekunde, kwa hiyo alikuwa anavuka kwa sekunde 7. Njia nane ni mita 28. Hata akipumzika katikati, kila nusu inataka sekunde 14. Gari lililo kwenye kilomita 80 kwa saa, ndani ya sekunde hizo 14, linakimbia zaidi ya mita 300. Yaani gari ambalo hajaliona vizuri wakati anaanza kuvuka, linaweza kumkuta hajamaliza.

Na mwendo wenyewe si mchezo. Sheria inataka kilomita 50 kwa saa maeneo ya makazi. Ukipanda kutoka 50 hadi 80, nguvu ya gari kugonga inaongezeka zaidi ya mara mbili na nusu. Barabara pana iliyonyooka inamwambia dereva akanyage mafuta, kibao kimwambie nini?

Na somo hili lilikuwepo jirani tu. Wakenya walizindua Thika Road mwaka 2012, nao wakatoka kwenye foleni ya kutisha. Lakini watu waliendelea kugongwa wakivuka chini kwa miguu, kwa sababu vivuko vya juu vilikuwa vichache na vingine havikuwekwa pale watu wanapovukia. Mimi mwandishi, mwenye intaneti mfukoni, sikujisumbua kutazama.

Sisemi turudi kwenye njia mbili. Kila siku napita pale, nafika kazini mapema, nashukuru. Ninachosema ni kwamba kuvuka ni sehemu ya barabara kama lami ilivyo. Kivuko kikae pale kituo kilipo, chenye mteremko wa kupanda kwa mzee na kiti cha magurudumu. Pasipo na kivuko cha juu, pawekwe taa, na matuta kabla ya pundamilia. Mpango wowote mpya wa kupanua barabara, swali la kwanza liwe la yule asiye na gari, maana ndiye aliyetoa vyumba vya mbele.

Na sisi wa magazeti tuache kuhesabu njia tu. Wiki hii nimemwomba mhariri nafasi ya habari nyingine ya barabara ile ile. Safari hii nitasimama pembezoni na watu wanaosubiri mwanya, na wa kwanza kuhojiwa nimeshampata. Amesema nikifika nimletee gazeti lenyewe, ila niwe nimetangulia kupiga simu, aje anipokee mtoto wa jirani. Anaogopa nitavuka peke yangu.