Pango la Sanamu Zilizochoka

Tochi ilizimika nikiwa katikati ya pango la juu. Nilikuwa nimeikodi mlangoni, na aliyenikodisha aliipigapiga kiganjani kabla ya kunipa. Hapo ndipo ningeshtuka. Tena nilikuwa nimelowa chepechepe. Ilikuwa Aprili 2010, siku za Pi Mai, mwaka mpya wa Laos, na tangu asubuhi kila mtoto niliyepishana naye alinimwagia ndoo ya maji na kunitakia heri. Nikasimama pale pale. Sisi wa Tanga tuliopelekwa mapango ya Amboni tukiwa shule ya msingi tuliusiwa na walimu: ukipotewa na mwanga pangoni, usitembee.

Akaja bibi mmoja na mshumaa. Akaniita "lan", yaani mjukuu. Kithai changu cha kuungaunga kilinitosha kumwelewa, maana Kilao na Kithai ni ndugu wa karibu. Mwanga ulipopanda ukutani ndipo nikajua nimezungukwa na nani: sanamu za Buddha, safu juu ya safu, nyingine za kuenea kiganjani, nyingine za kunifika kifuani. Nyingi ni za mbao. Rangi ya dhahabu imebanduka, mikono imekatika, nyuso zimeliwa na mchwa.

Mapango ni mawili, Tham Ting la chini na Tham Theung la juu, katika jabali la chokaa linalotazamana na mahali mto Ou unapoingia Mekong, kilomita 25 hivi kutoka mji wa Luang Prabang. Wenyeji husema kabla ya dini ya Buddha kufika palikuwa makao ya mizimu ya mto. Baadaye wafalme wakapafanya pa kuzuru, wakawa wanapanda boti kila mwaka mpya kwenda kuomba, hadi ufalme ulipofutwa Desemba 1975. Sanamu zimefika maelfu. Nyingine ni nadhiri za watu wa kawaida. Nyingine zilitolewa mahekaluni zikiwa zimevunjika au zimezeeka, zikaletwa huku zipumzike, kwa sababu sanamu ya Buddha haitupwi.

Bibi alikuwa na bakuli la maji yenye maua, na mwaka mpya ndio wakati wa kuziosha. Akaninyoshea bakuli. Mimi ni Mwislamu, na kuosha sanamu si kazi yangu. Nikamwomba radhi kwa ishara, nikapokea mshumaa badala yake. Yeye akawa anamwagia, mimi namulika. Sikuona haramu katika kumshikia bikizee taa.

Nilichokuwa nakiwaza mle ndani ni mfuko. Bibi yangu mwenyewe, pale Ngamiani, alikuwa na mfuko wa kanga nyuma ya mlango wa chumbani. Humo ziliingia juzuu zilizochanika, kurasa zilizoliwa na mende, hata kipande cha gazeti kikiwa na aya. Mfuko ukijaa mjomba aliuchukua kwenda kuuzika. Ole wako utoe karatasi mle ukawashie jiko! Nilichapwa kwa hilo mara moja, na sikurudia.

Safari yenyewe haikuwa yangu. Nilikuwa nasoma karibu na Bangkok, na mwezi ule jiji lilikuwa limechafuka kwa maandamano ya Mashati Mekundu. Usiku wa Aprili 10 waliuawa watu zaidi ya 20. Mwenzangu wa maabara, Mlao, akaniambia nifunge begi twende kwa mama yake. Tukashika treni ya usiku hadi mpakani, tukavuka daraja la Mekong, na kutoka Vientiane tukapanda basi la kukata milima kwa kona zisizohesabika. Kondakta aligawa mifuko ya plastiki kabla hata hatujaondoka, na hakukosea. Milima ilikuwa imefunikwa na moshi, kwani ndio majira ya kuchoma mashamba kabla ya mvua. Kwa harufu tu ungedhani uko Handeni.

Luang Prabang imekaa kwenye ulimi wa ardhi kati ya Mekong na Nam Khan, na tangu 1995 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Mahekalu yake huwezi kuyamaliza, nami sikujaribu. Nililirudia moja, Wat Xieng Thong, lililojengwa na mfalme Setthathirath mnamo 1560. Paa lake linashuka kwa tabaka mpaka karibu kugusa ardhi, kama kuku aliyefunika vifaranga. Ukutani kwa nyuma kuna mti mkubwa wa vipande vya vioo vya rangi juu ya nyekundu, na jua la jioni likiupiga unawaka wote. Viatu unaacha nje, mabega unafunika, sauti unashusha. Hakuna aliyehitaji kunifundisha hayo.

Lililoniudhi ni la alfajiri. Watawa hupita mtaani kwa mstari mmoja, peku, na akina mama waliopiga magoti huwatilia wali mabakulini. Ni ibada ya kimya. Lakini wageni walikuwa wanawasogelea watawa kwa kamera hadi puani, taa zinamulika, kana kwamba wako mbugani. Mama mwenyeji wangu hakuwageukia hata mara moja.

Wali wenyewe ni khao niao, ule unaonatana, unaokaa katika kikapu kidogo chenye kifuniko. Mama yule alinitazama nikifinyanga tonge kwa vidole na kulichovya kwenye pilipili, akamwambia mwanawe kwamba mgeni huyu amelelewa. Sikumweleza habari za ugali.

Maporomoko ya Kuang Si tulikwenda siku ya tatu, kilomita 30 hivi kusini. Maji yanaanguka kiasi cha meta 60, kisha yanatuama katika mabwawa yaliyopangana kama ngazi, yenye rangi ya feruzi hata unadhani kuna aliyeyatia dawa. Ni chokaa. Maji huiyeyusha milimani, na yanapoporomoka huiachilia kidogo kidogo, ikaganda kwenye majani na magogo mpaka ikajenga kingo. Tawi lililoanguka leo, miaka ikipita, huwa sehemu ya ukuta wa bwawa. Niliogelea mpaka midomo ikaninyauka kwa baridi. Njiani mnapita kituo cha dubu wenye alama kama ya mwezi kifuani, waliookolewa kwa wafanyabiashara waliotaka nyongo zao; walikuwa wamejilaza kwenye machela, hawana habari na mtu.

Usiku, sokoni, nilinunua kijiko. Muuzaji alisema kimesubiwa kwa mabaki ya vita. Kati ya 1964 na 1973 Marekani iliidondoshea nchi ile zaidi ya tani milioni 2 za mabomu, na mengi madogo hayakulipuka. Mpaka leo jembe la mkulima huyakuta. Watu wa mkoa wa Xieng Khouang wakajifunza kuyayeyusha mabaki ya madini yale na kuyamimina kwenye kalibu. Kijiko ni chepesi mno, kama kitu cha kuchezea. Niliporudi Tanga nikampa bibi yangu; alikipokea, akauliza kimetokana na nini, nikamwambia. Hakukilia hata siku moja, wala hakukitupa. Alikitia kabatini, pamoja na vikombe vya harusi yake.

Nilimweleza pia habari za pango. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: yule mwanamke alikuwa na mtu wa kumshika mkono kwenye ngazi? Nikasema nilimteremsha mimi.

Siku hizi kuna treni, iliyozinduliwa Desemba 2021, na Vientiane hadi Luang Prabang ni mwendo wa saa mbili. Pangoni bado unafika kwa boti. Ukienda, beba tochi yako mwenyewe.