Seli shina haziuzwi kwenye pakiti

Leo nataka kuwaambia habari za mtafiti mmoja wa Italia, Michele De Luca, na mtoto mkimbizi aliyesaidiwa na kazi yake. Naandika kwa sababu neno "seli shina" limeanza kutembea hapa kambini, na linatembea vibaya.

Mwaka 2015 mtoto wa Syria, miaka 7, alilazwa Bochum, Ujerumani, ambako familia yake ilikimbilia. Alizaliwa na ugonjwa ambao ngozi ya juu haishikamani na ya chini. Ikiguswa kidogo tu, malengelenge. Safari hiyo vidonda viliingia vijidudu, akabaki bila sehemu kubwa ya ngozi. Baba akatoa ngozi yake, mwili wa mtoto ukaikataa. Madaktari walishafikiria kumpunguzia maumivu tu hadi mwisho. Ndipo wakamtafuta De Luca, kule Modena.

De Luca hakuanza siku hiyo. Miaka ya 1980 alikuwa Marekani kwenye maabara ya Howard Green. Huyu Green na James Rheinwald ndio walioonyesha mwaka 1975 namna ya kukuza seli za ngozi ya mtu maabarani. De Luca akaiendeleza kazi hiyo Italia pamoja na Graziella Pellegrini. Mwaka 1997 walitangaza wagonjwa 2 walioungua jicho moja kwa kemikali, wakatibiwa kwa seli za jicho lao lililobaki zima. Tiba hiyo ilikubaliwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2015. Hesabu mwenyewe: miaka 18.

Kwa yule mtoto walichukua kipande cha ngozi yake, sentimita za mraba 4 hivi. Jeni aliyozaliwa nayo ilikuwa mbovu, wakaziongezea seli jeni nzima, wakazikuza mpaka zikakaribia mita ya mraba 1. Kati ya Oktoba 2015 na Januari 2016 akapandikizwa mara 3. Asilimia 80 ya ngozi yake ya juu ikawa mpya. Mwaka 2016 akarudi shule.

Imewezekanaje? Ngozi ya juu hujibadilisha kila mwezi hivi. Seli nyingi zinafanya kazi kidogo halafu zinakufa. Seli shina ni zile chache zinazobaki na kuzaa nyingine, kama mbegu unayoweka pembeni wakati mahindi mengine yanaliwa.

Sasa turudi kwetu. Mimi najitolea ukalimani dispensari. Mama mmoja wa bloku ya jirani alinipa pakiti nimsomee. Ameuza sehemu ya mgao wake kuinunua. Aliambiwa ni seli shina, unakoroga kwenye maji, unakunywa, inaponya sukari, presha na macho. Nikamwambia: mama, seli ni kitu hai. Unga mkavu hauna uhai, na tumbo linasaga kila kitu. Zile za mtoto zilitoka mwilini mwake, zikalelewa maabarani, zikafika hai kwenye chumba cha upasuaji.

Msidhani ni sisi tu. Italia kulikuwa na kundi linaitwa Stamina, likawaahidi wazazi wa watoto wagonjwa tiba ya seli shina. Wazazi waliingia barabarani kuidai. De Luca, Elena Cattaneo na Paolo Bianco wakasema hadharani kwamba hakuna ushahidi. Kumwambia mzazi hivyo si rahisi, bwana.

Hata mimi haikuwa rahisi. Mama aliniuliza, "Sasa mwanangu, kama hii sio, yangu ni ipi?" Nilichokuwa nacho ni kidogo: siku ya kliniki ya sukari, na vidonge ambavyo wakati mwingine vinaisha. Ndugu wa mashirika, hapo ndipo muuzaji wa pakiti anapopata mlango. Tukikataza tu, bila vidonge, hatusikilizwi.

Na nyinyi vijana, mkimwona kwenye bloku yenu muulizeni maswali 3: Hizi seli zimetoka kwa nani? Nani atazipandikiza? Wangapi walipona, na imeandikwa wapi? Akianza kukasirika, jibu mmeshapata.

Tuko pamoja.