Mnyama wa Ukoo Wetu

Msomaji wangu, ikiwa umezaliwa katika milima ya Kisii au Nyamira, yamkini wewe nawe, kama nilivyokuwa mimi, humjua simba kwa picha na tembo kwa hadithi. Nchi yetu ni njema. Mvua hatuikosi, migomba imezunguka kila nyumba, na upande wa Nyamira chai imefunika vilima toka bonde hadi kilele. Lakini nchi hiyo imejaa. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba katika Kaunti ya Kisii kila kilomita moja ya mraba ilikuwa na watu zaidi ya 900. Penye watu wengi hivyo, mnyama wa mwitu apite wapi?

Hata hivyo wazee wetu waliishi na wanyama, na ushahidi umo katika koo zetu. Abanchari humheshimu kiboko. Sisi Ababasi humheshimu punda milia, ambaye kwa lugha ya kwetu huitwa enchage. Tangu utoto nilifundishwa kwamba mtu wa ukoo wetu hamwui mnyama huyo wala hamli. Mwiko huo niliushika bila taabu yoyote, kwa kuwa sikupata kumwona hata mara moja. Nilitoka chuo cha ualimu, nikafundisha miaka kumi, nikimchora punda milia ubaoni kwa chaki. Siku moja mwanafunzi akaniuliza kama ni mnyama mweusi mwenye milia myeupe, au mweupe mwenye milia myeusi. Nilimwamuru afungue ukurasa unaofuata.

Aibu ile ndiyo iliyonitoa nyumbani. Shule zilipofungwa mwezi wa Agosti niliazima gari la rafiki yangu, nikamwomba baba tufuatane. Yeye ni mzee wa miaka sabini na minane, na enchage alikuwa hajamwona vilevile. Alivaa koti lake la kanisani na kofia, akaketi mbele kama anayekwenda kuposa.

Tulitoka mjini Kisii kabla ya mapambazuko. Tulipofika Ogembo kulikuwa kumekucha, na mto Gucha ulikuwa ukienda zake kwa haraka kuelekea Ziwa Viktoria. Toka hapo hadi Kilgoris ni mwendo mfupi, lakini ni kama kufungua mlango. Vilima hulala, mashamba hupanuka, na badala ya ng'ombe mmoja aliyefungwa kamba uani unaona kundi zima likichungwa na kijana mwenye shuka nyekundu. Zamani babu zetu na Wamaasai walipigania ng'ombe katika mpaka ule. Asubuhi ile kijana alituinulia fimbo yake kutusalimu.

Mbele ya Kilgoris nilimwonyesha baba shamba langu. Nilikuwa nimekodi ekari mbili za mahindi kwa mwenyeji wa huko, kama wafanyavyo wengi wa kwetu ambao ardhi ya urithi haiwatoshi. Mahindi yalikuwa yamesimama vizuri, nami nikapunguza mwendo ili ayatazame. Akasema, "Umefanya vema, Mwalimu." Tokea siku nilipopata cheti changu hajaniita kwa jina jingine.

Baada ya Lolgorian nchi inakatika ghafula. Hapo ndipo ulipo ukingo wa Oloololo, nawe ukisimama juu yake unaona mbuga ya Maasai Mara imetandazwa chini yako, rangi ya manjano, mpaka macho yanachoka. Mbuga hiyo ilitengwa kuwa hifadhi mwaka 1961. Tuliteremka polepole kwenye mawe, tukalipa kiingilio langoni, na hatukwenda mbali kabla ya kuwakuta.

Walikuwa mamia. Kila mwaka punda milia hutoka Serengeti pamoja na nyumbu zaidi ya milioni moja, wakifuata mvua na majani. Punda milia hupenda kutangulia, kwa maana meno na tumbo lake huyaweza majani marefu na makavu. Nyumbu humfuata na kula yaliyo mafupi. Kisha huja swala tomi, akachagua machipukizi. Hivyo yule wa kwanza humwandalia wa pili, na wa pili wa tatu. Milia yao haifanani, kila mmoja ana yake, na wataalamu wamebaini kwamba milia hiyo huwatatiza nzi waumao wasiweze kutua vizuri. Na yule mwanafunzi wangu ajue leo: chini ya manyoya, ngozi ya punda milia ni nyeusi.

Baba alinyamaza kitambo. Kisha akavua kofia, akaiweka magotini, kama afanyavyo anapoingia nyumbani kwa mtu mkubwa. Punda mmoja jike alikuja karibu na gari pamoja na mtoto wake, akatutazama, akaendelea kula.

"Mbona ni wadogo?" akauliza baba kwa sauti ya chini. Maisha yake yote alikuwa amewadhania kuwa wakubwa kuliko fahali. Nilitaka kucheka, lakini nilipomgeukia niliona macho yake yamelowa.

Wakati wa kurudi jioni tuliupita tena upande wa msitu wa Nyakweri, ambamo tembo wa Mara wamezoea kwenda kuzaa. Sehemu yake kubwa imekwisha kukatwa kwa ajili ya mkaa na mashamba. Visiki vilikuwa vimebaki kati ya mistari ya mahindi. Baba alivitazama kimoja kimoja, na tulipolifikia shamba langu akaniomba nisimamishe gari.

"Mwalimu," akasema, "kabla hujapanda mahindi hapa, palikuwa na nini?"

"Palikuwa majani tu, baba."

"Nani alikuwa akiyala?"

Wanafunzi arobaini huniuliza maswali kila siku, nami sikosi la kuwajibu. Jioni ile niliwasha taa za gari, nikaondoa mguu kwenye breki, tukapanda milima ya kwetu bila ya kusema neno. Kofia yake ilikuwa bado magotini tulipofika Ogembo.